Mshahara wa Keya

Kwenye karatasi za serikali ya Uingereza, King's African Rifles ilizaliwa tarehe 1 Januari 1902, vikosi vya Nyasaland, Uganda, Kenya na Somalia ya Waingereza vilipounganishwa kuwa jeshi moja. Kwa Wabukusu wa Bungoma jeshi hilo ni kongwe kuliko karatasi zake. Walikutana na askari wake wa kwanza Agosti 1895, kabla halijapata jina, walipopanda kutoka Mumias na bunduki za mtambo wakavunja ngome zao mbili, Lumboka na Chetambe. Waliojaliwa kuishi hadi 1919 wakashuhudia na upande wa pili wa mambo: ardhi ya Trans Nzoia ikigawanywa kuzunguka mahali palipo Kitale leo, iwe bakshishi ya vita ambavyo wengi wa waliovipigana walikuwa askari weusi.

Historia kubwa ya Keya, kama wazee wetu walivyoliita jeshi hilo, iliandikwa na ofisa, Luteni Kanali Moyse-Bartlett, na kuchapishwa mwaka 1956. Ni kitabu kinene, na mapigano yamo, moja baada ya jingine, pamoja na majina ya maofisa waliopata nishani. Mtu wa Bungoma au wa Kitale akiisoma habari hiyo ana swali lake jingine, nalo ndilo ninalolifuata hapa: nani alilipwa, alilipwa nini, na nani alirudi kwao mikono mitupu.

Askari wa kwanza hawakuwa watu wa huku. Walikuwa mabaki ya jeshi la Misri katika jimbo la Ikweta, kusini ya Sudan, chini ya gavana Emin Pasha. Wengi wao walitoka Dinka, Shiluki, Makaraka, Lendu na kwingineko. Si haba miongoni mwao waliotekwa utotoni na kuingizwa jeshini kama watumwa. Vita vya Mahdi vilipoikata njia ya kwenda Khartoum, jimbo zima likabaki kisiwa. Emin akaondoka na mvumbuzi Stanley mwaka 1889; askari wakaachwa. Miaka miwili baadaye Frederick Lugard, akiitumikia Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, wakiongozwa na Selim Bey. Wenye bunduki walikuwa kama 600. Waliofuatana nao, wake, watoto na watumishi, walifanya msafara wote uzidi watu 8,000. Mavazi yao yalikuwa yamechakaa, lakini walikuwa bado wanapiga gwaride na kuandika barua za kijeshi kwa Kiarabu. Lugard alitaka jeshi, nao walitaka bwana atakayewalipa. Ndivyo walivyoingia Uganda, na mwaka 1895 wakaandikwa rasmi kuwa Uganda Rifles.

Yafaa kukumbuka hapa kwamba Bungoma na Kitale za siku hizo zilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka haukuhamishwa hadi Aprili 1902, miezi mitatu tu baada ya Keya kuundwa, ndipo jimbo lote la mashariki likatiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Kwa hiyo kilichotokea Bungoma mwaka 1895 kilitokea kwa amri ya Uganda, na askari waliotumika walikuwa wale wa Selim Bey.

Sababu ilikuwa bunduki. Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wanga, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya pwani na Buganda, na Waingereza waliweka hapo ngome ndogo ya askari wa Kisudani. Mwishoni mwa 1894 baadhi yao walitoroka na silaha zao, na bunduki hizo zikaishia mikononi mwa Wabukusu, ambao wageni waliwaita Kitosh. Kikosi kidogo kilichotumwa kuzidai kiliuawa karibu chote. Charles Hobley, aliyefika Mumias mwanzoni mwa 1895 kuwa mtawala wa sehemu hizo, aliliona jambo hilo kuwa mtihani wa serikali nzima: ama bunduki zirudi, ama hakuna mtu ambaye angeitii tena bendera. Agosti, Meja William Grant akaongoza jeshi la Wasudani. Nyuma yao walikuja Waganda kwa wingi, wapiganaji wa mikuki wa Wanga, na Wamasai waliokuwa wamekimbilia kwa Mumia.

Ngome ya Kibukusu, lukoba, haikuwa boma la miiba. Ulikuwa ukuta mnene wa udongo unaozunguka kijiji kizima, nje yake handaki refu, na udongo uliochimbwa katika handaki ndio uliojenga ukuta. Milango ilikuwa michache na mifupi. Mtu aliingia ameinama, na usiku magogo yalipangwa kuiziba. Ndani zilikaa nyumba, maghala na ng'ombe wote. Ngome za namna hiyo zilikuwa zimewazuia Wamasai na majirani wengine kwa miaka mingi, na watu waliojifungia Lumboka mwaka ule hawakuwa wapumbavu hata kidogo. Walikuwa wakitumia ulinzi uliokwisha kujaribiwa. Ukuta ule ulijua mkuki na mshale. Bunduki ya mtambo haukuijua.

Mashambulizi ya mwanzo ya Waganda yalirudishwa, na walikufa wengi chini ya ukuta. Kisha bunduki kubwa zikasogezwa. Lumboka ilipoanguka, waliosalimika walielekea kilima cha Chetambe, kinachotazama mji wa Webuye leo, ambako mzee Chetambe Ifile, ambaye Watachoni wanamhesabu kuwa wao, alikuwa amejenga ngome yake juu ya mwinuko. Huko nako ukuta uliingiwa. Wanaume waliuawa kwa wingi. Wanawake, watoto na ng'ombe wakachukuliwa mateka. Ukipanda kilima hicho sasa unaiona barabara kuu ya Malaba na majengo ya kiwanda cha karatasi cha Webuye chini yako, na unaelewa kwa nini mzee alichagua mahali pale: hakuna msafara ambao ungekaribia bila kuonekana saa nzima kabla haujafika.

Baada ya hapo Wabukusu walitawaliwa kupitia Wanga. Mumia alitangazwa chifu mkuu mwaka 1909, na jamaa zake wakawekwa juu ya watu waliovunjiwa ngome. Chuki iliyotokana na hilo ilidumu kuliko moshi wa Chetambe.

Na askari walioifanya kazi hiyo, walipata nini? Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa mpagazi wa msafara, ukilipwa kwa nguo, na mara nyingi ukichelewa kwa miezi. Walitembezwa huku na huko bila kupumzika: Bungoma, kisha Nandi, kisha Bunyoro na Buganda. Septemba 1897, Meja Macdonald alipowataka waache wake zao na kumfuata katika safari nyingine kaskazini, ambayo shabaha yake halisi ilikuwa kuwatangulia Wafaransa katika Mto Naili, kombania tatu zilikataa pale Eldama Ravine. Walikwenda kueleza shida zao. Risasi zikafyatuliwa. Basi wakageuka, wakapita Nandi, wakaingia Busoga na kuiteka ngome ya Lubwa, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Walimuua Meja Thruston, ofisa aliyejua lugha yao na aliyewaendea akiamini watamsikiliza, pamoja na Waingereza wengine wawili. Mapigano yalichukua miezi. Yalimuua hata George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda. Serikali ililazimika kuleta askari kutoka India kuwazima watu iliowategemea kuizima nchi.

Jeshi ambalo miaka mitano baadaye liliitwa King's African Rifles lilijengwa juu ya somo la uasi huo. Mshahara ulipandishwa. Wasudani wakachanganywa na makabila mengine, na batalioni moja ya Uganda ikawa ya Wahindi. Kiswahili kikaingia kuwa lugha ya amri, ingawa vyeo vya Kituruki na Kiarabu viliendelea kusikika kambini kwa muda mrefu, na neno afande halijatoka hadi leo. Askari walivaa kofia ndefu nyekundu na kaptura, na kwa miaka mingi walipiga kwata miguu mitupu. Wazee wao waliostaafu walipewa mahali pa kukaa pembezoni mwa Nairobi, msituni Kibra, bila hati. Wajukuu wao, Wanubi, waliingoja hati hiyo hadi Juni 2017, na ilipotoka ilikuwa ya ekari 288 tu kati ya zaidi ya 4,000 zilizopimwa kwa ajili ya jeshi karne moja nyuma.

Vita vya kwanza vya Keya vilikuwa Somalia, dhidi ya Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, na mwezi Aprili 1903 pale Gumburu kikosi cha batalioni ya pili kutoka Nyasaland kiliangamizwa, maofisa wote wakiwamo. Karibu zaidi na kwetu vilikuwa vita vya Nandi. Tarehe 19 Oktoba 1905 ofisa wa batalioni ya tatu, Richard Meinertzhagen, alikwenda kukutana na kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, kwa jina la mazungumzo ya amani, akampiga risasi pale pale. Ilipita miaka kama mia moja kabla fimbo za uongozi za Koitalel hazijarudishwa Kenya na familia ya aliyemuua, mwaka 2006. Jambo linalonigusa zaidi ni lile lililofuata: vijana wa Nandi wenyewe wakaanza kujiandikisha Keya, na ilipofika vita kuu walikuwa miongoni mwa waliotoa askari wengi kuliko idadi ya kabila lao. Jeshi liliwasifu kuwa watu wa vita kwa asili. Sifa hiyo waligawiwa pia Wakamba na Waacholi. Mimi nadhani ilikuwa na maana moja tu: kwamba kwao njia nyingine za kupata pesa ya kodi zilikuwa chache.

Agosti 1914 Keya ilikuwa jeshi dogo lisilofikisha askari 2,500, batalioni tatu tu zilizotawanyika kutoka Nyasaland hadi mpaka wa Uhabeshi. Ya pili ilikuwa imevunjwa mwaka 1911 ili kubana matumizi, na baadhi ya askari wake waliofukuzwa kazi walivuka mpaka wakajiandikisha kwa Wajerumani. Septemba, vita vilifika magharibi ya Kenya: Wajerumani waliingia Kisii, na askari wa Keya waliotoka Kisumu wakapigana nao tarehe 12. Hata hivyo wakubwa mjini London waliona vita vya Afrika ni kazi ya Wahindi na Wazungu. Iliwachukua miaka miwili na makaburi mengi, kuanzia fedheha ya Tanga Novemba 1914, kukubali kwamba malaria na mwendo wa miguu vilimshinda kila mtu isipokuwa Mwafrika. Kuanzia hapo Keya ilipanuka kwa kasi. Vita vilipokwisha ilikuwa na batalioni 22 na askari wa Kiafrika zaidi ya 30,000, na ndiyo iliyokuwa ikimfukuza kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck katika Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini hadi aliposalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918.

Nyuma ya kila askari walikuwa wapagazi. Kariakoo ya Nairobi na ile ya Dar es Salaam zimebaki na jina la jeshi lao. Nyanza, ambayo Bungoma ilikuwa sehemu yake, ilitoa watu wengi sana, hasa mwaka 1917 serikali ilipoamua kuwakusanya kwa nguvu kupitia machifu. Walibeba unga, risasi na vipande vya mizinga katika mabonde ya Rufiji, wakilishwa mahindi yasiyoiva vizuri, na tumbo la kuhara liliwaua zaidi kuliko Wajerumani. Serikali yenyewe ilikiri vifo zaidi ya 40,000. Wanahistoria wengi wanakaribia 100,000. Wengi hawakuandikiwa hata jina la kaburi. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi hadharani kwa kuwaacha bila kumbukumbu ya jina watu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Wamisri, na ikasema huenda wanafikia 350,000.

Mshahara wa wapagazi waliokufa nao una hadithi yake. Pesa zao zilikuwepo vitabuni, lakini warithi hawakujulikana kwa sababu majina yaliandikwa ovyo, au mtu aliandikwa kwa jina la chifu wake. Baadhi ya maofisa walioliongoza jeshi la wapagazi walishauri fedha hizo zitumike kwa manufaa ya watu wa makabila yaliyowatoa. Hazina ya Uingereza ilikataa. Kuna sanamu nzuri za askari na mpagazi kwenye barabara ya Kenyatta, Nairobi, zilizosimamishwa mwaka 1928. Shaba ililipiwa, mshahara haukulipwa.

Sasa twende Kitale.

Kabla ya vita, uwanda ulio kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani ulikuwa malisho na mawindo ya Wasabaot, Wasengwer na Wapokot. Misafara ya biashara ya watumwa na pembe ilikuwa imepumzika hapo zamani, na kizingo cha mawe kinachodaiwa kuwa mahali pa kufungia mateka bado kinaonyeshwa karibu na klabu ya mji. Walowezi wachache walikuwa wameanza kupimiwa mashamba miaka miwili kabla ya 1914. Mwaka 1919 mambo yakabadilika kwa siku moja. Gavana mpya, Meja Jenerali Edward Northey, alikuwa ametoka vitani. Ndiye aliyeongoza majeshi ya Waingereza upande wa Nyasaland, batalioni ya kwanza ya Keya ikiwa chini yake. Alitangaza mpango wa kuwapa ardhi askari waliopigana. Ekari zaidi ya milioni mbili zilitengwa, mashamba zaidi ya 1,000, mengine ya bure na mengine ya kulipia kidogo kidogo.

Bahati nasibu ilichezwa Nairobi katika ukumbi wa Theatre Royal, na nyingine London. Vikaratasi vyenye majina viliwekwa katika mapipa yanayozungushwa, mtu akisimama jukwaani anachomoa kimoja kimoja, na aliyetajwa alichagua shamba kwa zamu yake kutoka kwenye ramani. Wengi walikuwa hawajapata kuiona Trans Nzoia. Sharti lilikuwa kwamba mwombaji awe wa asili ya Ulaya. Sajini wa Keya aliyemfuata Northey kwa miguu kutoka Karonga hadi Songea hakuruhusiwa hata kuweka karatasi yake pipani. Askari wa Kihindi aliyepigana Tanga naye hakuruhusiwa.

Jambo la Nandi lilikuwa baya zaidi. Kiasi cha maili za mraba 100 zilikatwa kutoka hifadhi yao, sehemu za Kipkarren na Kaimosi, zikaingizwa katika mpango huo huo. Fikiria kijana aliyerudi nyumbani na nishani ya Keya kifuani akaambiwa ahamishe ng'ombe wa baba yake, kwa sababu mahali pale pamepewa mtu aliyepigana vita vile vile. Nimezisoma hoja za waliotetea mpango ule, kwamba koloni lilihitaji mitaji na walowezi, na kwamba ardhi ilikuwa tupu. Ardhi ya wafugaji huonekana tupu kwa mtu anayetafuta ukuta na ua. Na kwa mtu aliyevunja kuta za Lumboka, hata ukuta haukuwa ushahidi wa kutosha.

Walowezi walipanda kwa magari ya ng'ombe kutoka Londiani, wakikwama kwenye matope ya Uasin Gishu kwa wiki. Walipanda mahindi, kahawa na kitani, na wengi wakafilisika katika miaka ya mwanzo. Klabu ya Kitale ilijengwa 1924, reli ikafika 1926, na mwaka huo huo Luteni Kanali Hugh Stoneham, mpenzi mkubwa wa vipepeo, akafungua jumba la makumbusho lililokuja kuhamia mjini mwaka 1974 na kuwa Makumbusho ya Kitale ya leo. Hilo nalitaja kwa heshima, kwani Stoneham aliliacha kwa taifa katika wosia wake, na watoto wa shule za Trans Nzoia na Bungoma wameingia humo kwa vizazi.

Mashamba yalihitaji mikono. Oktoba 1919 Northey alitoa waraka ulioagiza maofisa na machifu kuwahimiza Waafrika waende kufanya kazi kwa Wazungu, na kila mtu alijua kuhimizwa na chifu ni kitu gani. Kodi ikapandishwa. Kipande, kile cheti cha alama za vidole kilichowekwa katika kikopo cha bati, kikaanza kuvaliwa shingoni na wanaume wote, waliopigana na wasiopigana. Wabukusu walivuka Nzoia na familia zao wakawa maskwota kwenye mashamba ya Kitale: kazi siku kadhaa kwa mwaka, ujira kidogo, na ruhusa ya kulima kipande na kuchunga ng'ombe wachache. Kwa wengi wao bwana shamba alikuwa kapteni au meja, na aliendelea kuitwa hivyo.

Vita vya pili vilipokuja, Keya iliyokuwa imepunguzwa tena hadi batalioni chache ikapanuka kuwa zaidi ya 40. Wakenya karibu 98,000 waliandikishwa katika majeshi mbalimbali. Watu wa magharibi, kwa kuwa misheni zilikuwa zimewapa shule, walipelekwa sana kwenye simu za upepo, udereva, uuguzi na ualimu wa jeshi, au kwenye jeshi la vibarua waliloliita Panyako. Mzee wa vita vile anaweza kuwa aliiona Gondar, Madagaska na Burma kabla ya kuiona Mombasa kwa macho ya mtu huru. Mwaka 1941 walipigana na Waitaliano Uhabeshi. Huko Colito, tarehe 19 Mei, Sajini Nigel Leakey alivirukia vifaru vya adui na akapewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives kwa dakika chache tu, na karibu watu 1,300 wakafa, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Mwaka huo huo Divisheni ya 11, yenye alama ya kichwa cha kifaru begani, iliteremka Bonde la Kabaw katika mvua za masika ya Burma. Ruba, matope mpaka magotini, homa ya vichaka, na Wajapani waliojichimbia kila kona. Desemba waliiteka Kalewa na kufungua njia ya kuvuka Mto Chindwin.

Humo Burma, kwenye batalioni ya 36, alikuwamo koplo Waruhiu Itote, ambaye baadaye Kenya ilimjua kwa jina la Jenerali China wa Mau Mau. Ameeleza kwamba mazungumzo na askari wengine, Waafrika na wageni, yalimfumbua macho. Nadhani hata bila mazungumzo hayo daftari la mshahara lingetosha. Askari mweusi alilipwa sehemu ndogo ya alichopata Mzungu wa cheo kile kile, na hata bakshishi ya kuagwa jeshini ilipangwa kwa rangi. Walirudi 1945 na 1946. Wengine walinunua baiskeli, wengine walishirikiana kuweka mashine ya kusaga au duka dogo sokoni, na mengi ya maduka hayo yalikufa kwa kukosa leseni na mtaji. Wakati ule ule serikali ilianzisha mpango mpya wa mashamba kwa askari wa vita vya pili katika nyanda za juu. Ulikuwa tena wa Wazungu.

Katika hali hiyo ndipo Elijah Masinde alipopata wafuasi. Alikuwa mcheza mpira hodari aliyeichezea Kenya mwaka 1930, kisha kiongozi wa Dini ya Msambwa, mtu aliyegoma kazi za kulazimishwa wakati wa vita na akafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipoachiliwa, Septemba 1947, aliwaongoza maelfu ya wafuasi kwenda Lumboka kuwaombolezea waliouawa mwaka 1895. Miaka 52 ilikuwa imepita, na walikuwapo waliowafahamu marehemu kwa majina. Serikali iliona uasi. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi na kuua watu 11. Siku chache baadaye Masinde alikamatwa na kupelekwa Lamu, asirudi hadi 1961.

Keya ilimalizika kwa kubadilishwa jina. Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya tarehe 12 Desemba 1963, batalioni zikawa Rifles za nchi huru, maofisa Waingereza wengi wakiwa bado juu. Januari 1964 zote tatu ziliasi ndani ya siku tano. Ya Tanganyika ilianzia kambi ya Colito, iliyopewa jina la pale alipofia Leakey. Ya Kenya ilianzia Lanet, Nakuru, jioni ya tarehe 24, katika batalioni ya 11, baada ya askari kuisikiliza hotuba ya Waziri Mkuu Jomo Kenyatta wakitarajia tangazo la mishahara na wasilisikie. Walivunja ghala la silaha. Askari wa Kiingereza waliokuwa karibu waliizingira kambi, askari mmoja akauawa, na batalioni ikavunjwa. Eldama Ravine, ambako Wasudani walikataa amri mwaka 1897, si mbali na Lanet.

Uhuru uliifungua Trans Nzoia kwa njia ya soko. Mashamba yalinunuliwa kutoka kwa walowezi kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, yakakatwa vipande, na Wabukusu wengi wakapata makao mapya Ndalu, Naitiri na Tongaren, ambako leo ni Bungoma. Mwenye shamba aliyeondoka alilipwa fedha zake. Aliyeingia, hata kama alikuwa amemaliza miaka sita Keya na kurudi na homa ya Burma mwilini, aliandikwa kwenye daftari la Settlement Fund Trustees kuwa mdaiwa: mkopo wa miaka 30, na riba juu yake, kwa ardhi ambayo serikali ilimpa Mzungu mwenzake wa vita mwaka 1919 kwa kuchomoa kikaratasi.